Kivuli Kwanza, Bembea Baadaye

Saa saba mchana, nje ya moli mpya, mtoto wa kama miaka mitatu alipanda mtelezo wa bati, akashuka hadi katikati, akapiga yowe. Mama yake alimnyanyua, akawa anampuliza mapaja. Akatafuta pa kuketi ambembeleze. Viti vyote ni vya mgahawa, na aliposhika kimoja tu mhudumu akawa ameshafika: "Nikuletee nini?" Akaja kuketi karibu yangu, ukingoni mwa boksi la maua, jua likimpiga utosini.

Nasema bila kuzunguka: uwanja ule haukubuniwa, ulibaki. Yalipangwa maduka, yakapangwa maegesho, kisha kipande kilichosalia kikatandikwa nyasi bandia na kusimikwa bembea za rangi kali. Kwenye tangazo panapendeza mno. Ila nyasi bandia juani huwa za moto kuliko nyasi hai, maana hazina maji ya kuzipoza. Na ule mpira mweusi wa chini ya bembea, mwulize mtoto aliyevua viatu.

Dawa ni mti, na mti haupachikwi mwishoni. Moli nyingi zina maegesho chini ya ardhi, kwa hiyo hicho tunachokiita uwanja ni paa. Mti wa kutoa kivuli cha maana unataka udongo wa kina cha mita moja hivi au zaidi, na udongo uliolowa ni mzito: mita moja ya ujazo hupita tani moja na nusu. Mhandisi asipoambiwa tangu nguzo zikiwa bado kwenye karatasi, zege halitaubeba mzigo huo. Ndipo tunapoishia kupewa vichaka kwenye vyungu. Lakini inawezekana. Moli iitwayo Namba Parks ya Osaka, Japani, iliyofunguliwa 2003, ina bustani inayopanda ngazi kwa ngazi juu ya mapaa yake, na miti ya kweli ndani yake.

Halafu viti. William H. Whyte, mtafiti wa miji wa Marekani, alirekodi filamu za viwanja vya wazi vya New York miaka ya 1970 akichunguza kwa nini vingine hujaa na vingine huwa vitupu. Aligundua kwamba watu huketi palipo na pa kuketi. Na wakipewa viti vya kuhamishika huvisogeza, hata kidogo tu, kabla ya kukaa. Benchi lenye egemeo, kivulini, mahali mzazi anapoiona bembea bila kunyanyuka: hilo moja lina thamani kuliko chemchemi yenye taa.

Najua wenye moli wanavyojibu: asiyenunua anajaza nafasi. Lakini Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyesanifu moli ya Southdale kule Minnesota, Marekani, iliyofunguliwa 1956, alitaka moli iwe kitovu cha mtaa, izungukwe na nyumba, shule na bustani. Ilichozungukwa nacho ni maegesho. Uzeeni aliyakana hadharani majengo ya aina hiyo, na mimi namwelewa kabisa.

Yule mama hakurudi ndani. Mtoto alipotulia alimbeba mgongoni, akamfunika kichwa kwa mtandio, akaanza kuyavuka maegesho.