Hisa za mgeni katika maziwa ya Tanga

Wanaotaka viwanda vya chakula virudi mikononi mwa wazawa wana hoja. Wanaosema bila mtaji wa nje tungekuwa bado tunakunywa mtindi wa kibuyu nao wana yao. Kwa Tanga, mabishano haya hayakawii kufika Tanga Fresh.

Kiwanda hicho kilizaliwa miaka ya 1990, kikitokana na mpango wa kuendeleza ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi tangu miaka ya 1980. Wafugaji waliingia na hisa kupitia ushirika wao, TDCU, na Waholanzi wakaingia na zao. Ukitaka kujua ubia ule umeleta nini, nenda asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili anashusha keni kwenye pikipiki. Mpokeaji anatumbukiza laktomita aone kama yametiwa maji, kisha anachanganya kidogo na spiriti. Yakikatika, mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Yakipita, yanaingia kwenye tangi la baridi, lita zinaandikwa, na malipo yanakuja kwa mkupuo: hapo pana ada ya shule, pumba na dawa ya kupe. Pasipo mnunuzi wa kudumu, maziwa ya masika huuzwa kwa bei ya kutupa. Wakulima wa machungwa wa Muheza wanaijua vizuri hali hiyo. Mazao yao mengi huondoka mabichi kwenye malori kwenda Kenya, na bei anaisema aliyekuja na lori.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaotaka mgeni afukuzwe. Uzawa peke yake haumlindi mkulima. Kiwanda cha chai cha Mponde, huko Lushoto, kilikuwa chini ya mwekezaji wa humuhumu nchini, na bado mgogoro wake na wakulima ulikifunga mwaka 2013. Chai ikabaki shambani.

Lakini Bagamoyo nako kuna somo la upande wa pili. Ardhi ya iliyokuwa ranchi ya RAZABA ilipewa kampuni ya Kiswidi ilime miwa na kuzalisha sukari. Sukari haikutoka, serikali ikafuta hati, na wawekezaji wakaishitaki Tanzania kwenye usuluhishi wa kimataifa, ambako mwaka 2023 uamuzi uliwapa wao fidia ya mamilioni ya dola. Mzawa akinyang'anywa shamba huenda mahakama zetu. Mgeni ana mlango mwingine, na gharama yake hulipwa na walipa kodi wote. Sukari ya Bagamoyo ilikuja kuzalishwa na kiwanda cha Bakhresa, mwaka 2022.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi kuhusu maziwa yetu hakipigiwi kelele. Tuseme kiwanda kina thamani ya shilingi bilioni 10 na wafugaji wana asilimia 40, yaani bilioni 4. Kinahitaji bilioni 10 nyingine za mashine. Mbia wa nje anazo, wafugaji hawana. Akizitoa peke yake, wafugaji wanabaki na bilioni zao 4, ila sasa ni kati ya 20: asilimia 20. Hakuna aliyewaibia wala sheria iliyovunjwa. Ila sauti yao kwenye bodi imepungua nusu, na ni bodi hiyo inayopanga bei ya lita.

Ndiyo maana naona serikali inayotangaza kwa furaha kwamba mtaji mpya umeingia inapaswa kuuliza kwanza wafugaji wamebaki na asilimia ngapi. Na ushirika nao usisubiri hisani. Wafugaji 3,000 wakitoa lita 10 kila mmoja kwa siku na kukatwa shilingi 20 kwa lita, kwa mwaka ni shilingi milioni 219. Ni mbali sana na bilioni 10, nakubali, na shilingi 20 inamuuma mwenye ng'ombe mmoja. Lakini kwa miaka kumi inavuka bilioni 2, na ni akiba ambayo ushirika unaweza kwenda nayo kuomba mkopo Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Makato hayo yawe na daftari lake, lisomwe jina kwa jina mbele ya wanachama kila mkutano mkuu, na yaanze sasa, kabla kiwanda hakijatangaza tena kwamba kinatafuta mtaji.