Ukiagiza Soda Isiyo na Sukari, Jiandae Kuhojiwa

Mtu anayeagiza soda isiyo na sukari jijini Dar es Salaam hana haki ya kuipenda tu. Ni lazima atoe maelezo. Mhudumu wa mgahawa ninaokula pale Sinza, binti mwenye heshima zake zote, hulipokea agizo hilo kwa uso wa msibani, husogea karibu, kisha huuliza kwa sauti anayodhani ni ya chini: "Pole, anko. Una sukari?" Meza za jirani hunyamaza zikisubiri majibu yangu ya maabara. Nikisema sina, mambo huharibika zaidi, kwa kuwa sasa mimi ni mwanamume mzima ninayejinyima bila kulazimishwa na daktari, tena mbele ya sahani ya chipsi mayai inayong'aa mafuta, na hapakosi mzee wa meza ya pembeni wa kunieleza kwamba kitambi ni heshima na kwamba kinachomkondesha mtu ni mawazo.

Nikiagiza ya kawaida, kesi huhamia nyumbani, na huko hakuna dhamana. Mke wangu ana hesabu zake, na kinachoniudhi ni kwamba hesabu hizo ni sahihi. Kola ya kawaida huwa na gramu kumi hivi za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 hubeba gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi gramu 25 kwa siku nzima, uji na maandazi yakiwemo. Mama ntilie akinitilia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha chai, nitamwita mjumbe wa nyumba kumi aje ashuhudie. Katika soda siulizi, kwa sababu ukali wa asidi huufunika utamu, na baridi huupumbaza ulimi usiutambue. Ndiyo maana nawaogopa sana wale ndugu zetu ambao, katika joto la Januari, huulizwa kama wanataka baridi au ya moto nao wakajibu kwa utulivu, "Ya moto." Hao wanaionja sukari yote na bado wanaagiza ya pili.

Basi nikaanza kuisoma historia ya hivi vitamu vinavyotiwa badala ya sukari, nikitafuta hoja ya kumjibia yule binti, nikakuta mambo ya aibu. Sakarini iligunduliwa Marekani mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, mkemia aliyetoka maabara akaenda kula bila kunawa vizuri, akashangaa mkate umekuwa mtamu. Mwaka 1937 Michael Sveda aliweka sigara yake juu ya meza ya maabara, akairudisha mdomoni, na hivyo ikapatikana siklameti. Mwaka 1965 James Schlatter, aliyekuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, alilamba kidole ili afunue karatasi, akaionja aspatemu, ambayo ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari. Mimi nililelewa na mama aliyekuwa akituzungushia birika na beseni kabla hata ya kulitazama pilau. Kwa malezi yale, hakuna hata mmoja katika ukoo wetu ambaye angegundua chochote.

Shemeji yangu naye hawezi kukaa nje ya jambo lisilomhusu. Julai 2023, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na kabla jua halijatua shemeji alikuwa ameisambaza habari hiyo katika makundi yote ya WhatsApp ya ukoo, pamoja na lile la kamati ya harusi. Hakusambaza kwamba siku hiyohiyo kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula iliacha kiwango kilekile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ambacho mtu wa kilo 70 angekipita kwa kunywa zaidi ya makopo tisa hadi kumi na manne kila siku. Kwa kipato changu, ningefilisika kabla sijaugua. Wala hakusema kwamba katika kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la alovera, na alovera ndiyo anayotuuzia kwenye chupa za maji zilizotumika.

Lakini Mei ya mwaka uleule Shirika hilo lilikuwa limetoa mwongozo kwamba vitamu hivi visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, na kwamba ushauri huo hauwahusu wenye kisukari. Maana yake ni kwamba swali la yule binti wa Sinza, lililonivua nguo mbele ya wateja, ndilo swali la kitaalamu.

Nikajaribu kununua kimyakimya mtaani. Mangi wa dukani kwetu hainunui soda hiyo, kwa maelezo kwamba itamwozea, na anapendekeza nichukue ya kawaida ninywe nusu. Wauzaji wa kwenye foleni wakati mwingine wanayo, ila yale makopo hayana siri: likitumbukizwa katika beseni la maji na barafu, la sukari huzama kwa uzito wake, lisilo na sukari huelea juu kila abiria wa daladala alione.

Siku hizi naagiza maji. Binti huyaleta, huyafungua kwa upole, kisha huinama: "Anko, uko kwenye dozi?"