Pika mboga Jumapili, wali achana nao

Kila mshahara ukiingia mi huwa naapa kwamba safari hii nitabeba chakula kazini, afu nabeba siku tatu naacha. Mwaka huu ndo nimefika mwezi wa nne mfululizo bila kuacha kwahiyo naona nina haki ya kuongea kidogo.

Kosa letu wengi ni kwamba tunapika sahani nzima nzima. Unaamka Jumapili una mzuka, unapika wali sufuria zima, maharage, mchicha, unapanga kontena tano mezani kama unafungua hoteli, unapiga picha unaweka stetasi. Jumatatu unakula raha. Jumanne inapita. Jumatano wali umekuwa punje punje, ukiutia kwenye maikrowevu pembeni unaungua katikati wa baridi, mchicha umekuwa mweusi umetoa maji, na mradi umeishia hapo, Alhamisi upo kwenye foleni ya mama ntilie na soda mkononi unajifanya hukuwahi kupiga ile picha.

Msimamo wangu ni huu: Jumapili pika mboga tu. Wali, ugali, chapati, ndizi za kuchemsha, hivyo vyote tafuta siku hiyohiyo. Kwanza mboga ndo inayokula hela na muda, ukiwa nayo tayari hicho kingine ni kitu cha buku. Pili wali ni mtihani. Kuna bakteria wanakaa kwenye mchele, mbegu zao hazifi hata ukichemsha, sasa ukiacha wali umekaa jikoni kwenye joto letu hili la Dar kuanzia mchana mpaka ukumbuke kuuweka kwenye friji usiku, wanazaliana wanatoa sumu na hiyo sumu kuna aina yake haiondoki hata upashe mpaka ufuke moshi. Najua wapo wanaoupooza haraka wanaugandisha na wanakula salama kabisa, hongereni, mi huo uvumilivu sina na wali wa friji siupendi.

Maharage sasa ni habari nyingine. Hakuna Mswahili asiyejua kwamba maharage ya kiporo ni matamu kuliko ya leo, yani yale yaliyolala na mchuzi umekuwa mzito. Tunaona aibu kusema tunakula kiporo ofisini lakini nyumbani tunagombania. Mi nachukua nusu kilo ya maharage, naloweka Jumamosi usiku, asubuhi namwaga yale maji natia mengine, nachemsha hasa, sio kuyachochea kwa moto wa huruma, maana maharage mekundu mabichi yana sumu yake na inataka moto mkali wa dakika kumi na zaidi mpaka iishe. Nyanya naweka mwisho yakishaiva. Ukitia nyanya au ndimu mapema yanagoma kulainika, utakaa na gesi inaisha unayaangalia tu. Vitunguu vingi, karoti, hoho, basi.

Tui la nazi situmii tena kwenye ya ofisini na hili nimejifunza kwa aibu. Nilipika maharage ya nazi mazito, nikayabeba Jumatatu nikayaweka kwenye friji ya ofisi sehemu ya kawaida sio friza, usiku wa Jumanne umeme ukakatika nadhani mpaka asubuhi, mi sina habari. Jumatano nafungua kopo, kifuniko kikajifyatua chenyewe, pyuu, povu juu kama la sabuni na ile harufu ya kuchacha ikatembea ofisi nzima mpaka kwa bosi. Dada mmoja wa mapokezi akaniuliza taratibu kabisa, "Kaka, hicho ni chakula au ni dawa ya choo?" Nazi ni ya kula siku ileile nyumbani.

Mboga yangu ya pili ni kisamvu cha karanga. Sokoni Kimara unakipata kimeshatwangwa, unakichemsha muda mrefu, usifanye haraka maana kisamvu kibichi nacho kina sumu inayoondolewa na kule kutwanga na kuchemsha, afu ndo unaweka karanga za kusaga na kitunguu. Kinagandishwa, kinayeyuka, kinapashwa, kinabaki vilevile. Mchicha na bamia usijaribu, mchicha nimeshasema na bamia ikishalala siku mbili unakunywa hutafuni.

Hesabu yangu ya wiki iliyopita: maharage nusu kilo 1,800, kisamvu 1,000, karanga za kusaga robo 1,500, nyanya vitunguu karoti hoho na mafuta kama 2,500. Haifiki 7,000 (gesi sijaihesabu, nisameheni). Inatoka vikopo vinne vya kushiba mtu mzima na cha Jumapili usiku nyumbani. Zamani nilikuwa natumia 5,000 kwa siku pale Posta, sahani 4,000 na juisi 1,000, yani 25,000 kwa wiki, mwezi mzima laki na zaidi, kwa mtu ambaye luku inamlilia kila siku ya tatu.

Sasa siri ya usafiri. Vikopo vyote vinne nagandisha Jumapili jioni vikishapoa, nabeba vyote Jumatatu asubuhi kwa mkupuo mmoja vikiwa mawe. Mtu anayepanda mwendokasi pale Kimara saa kumi na mbili unusu ananielewa. Ukibeba mchuzi wa majimaji kila siku, umebanwa mlangoni, begi limelala ubavu, siku moja lazima utamwaga, na mimi nilishammwagia mzee mmoja suruali ya kaki, tangu Ubungo mpaka Magomeni ananiangalia tu hasemi kitu, ningefurahi angenitukana. Jiwe halimwagiki. Na lingine, jiwe haliibiwi! Friji za ofisini zina wenyewe jamani, unaandika jina kwa makapeni, unachora na fuvu, bado unakuta kopo limerambwa limerudishwa. Tangu niweke friza hakuna aliyegusa, nani ataiba kitu cha kusubiri masaa matatu kiyeyuke? Mi nashusha kopo la kesho kwenye sehemu ya chini jioni nikitoka, siku ya pili saa sita na nusu napasha kabla foleni ya maikrowevu haijaanza, nakoroga katikati narudisha tena mpaka mvuke utoke hasa.

Kama ofisi haina friji najua mtasema hotpoti. Sawa, hotpoti ni nzuri, lakini mimina kwanza maji ya moto yakae dakika kumi uyamwage, afu chakula kiingie kikiwa kinachemka. Chakula cha uvuguvugu kwenye hotpoti kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana umekiatamia.

Huo wali wa buku sasa naupata wapi? Kwa mama ntilie yuleyule. Siku ya kwanza nilimfuata na uso wa aibu nikamwambia mama naomba wali mtupu, mboga ninayo. Akaacha upawa akanitazama.

"Kwahiyo mboga yangu siku hizi mbaya?"

"Hapana mama, hali tu ngumu."

"Hali ngumu na unanenepa hivyo." Akanipakulia, wali umejaa mpaka juu, akachukua kijiko cha kachumbari akatupia pembeni bila kuulizwa, "Leta buku, toka hapa." Siku hizi akiniona tu anashika sahani. Siku za ugali ananiambia kabisa asubuhi nikipita, leo usichelewe mwanangu, ugali unaisha.

Kuna wiki ambazo hata hiyo buku ni mjadala, zile za tarehe ishirini na kitu, hapo napika makande. Makande yanajitosheleza, mahindi yaliyokobolewa na maharage ndani ya sufuria moja, hayadai wali wala ugali, yanagandishwa vizuri na ukipasha ukatia parachichi juu hutaki kuongea na mtu. Watu wa ofisini wananicheka eti chakula cha bweni. Wacheke. Safari iliyopita wawili kati ya hao wanaocheka walikuja na vijiko vyao.

Samaki wa kukaanga mwacheni nyumbani, hili ni ombi sio ushauri, ile maikrowevu ni ya wote. Dagaa sawa, ila wale wa kukaanga wakavu kabisa, ndimu chumvi na pilipili bila nyanya, kwenye kopo la siagi ndani ya droo, siku ambayo mboga ya kopo imekuchosha unanyunyizia juu.

Mmeona vikopo ni vinne na siku za kazi ni tano. Ijumaa sibebi kitu. Ijumaa mama anapika pilau na harufu inaanza kupanda ghorofani kuanzia saa nne asubuhi, 4,000 yangu nimeiweka kando toka Jumatatu, na saa sita na robo nipo pale chini nimekaa benchi la mbele.