Kadi za McGill: mahakama iliuliza swali dogo

Kijana ameketi na msichana chini ya mti, kitabu mkononi. Anamuuliza kama anapenda Kipling, yule mwandishi. Msichana anajibu kwa haya kwamba hajui, maana hajawahi "kukipli". Jina la mtu limegeuka kitenzi, na maana yake anaijaza msomaji mwenyewe. Kadi hiyo ya posta, iliyochorwa na Mwingereza Donald McGill, inakadiriwa kuuzwa nakala milioni 6 hivi.

Julai 1954, McGill akiwa na miaka 79, alifikishwa mahakamani mjini Lincoln, Uingereza, kwa sheria ya 1857 dhidi ya machapisho machafu. Alitozwa faini ya pauni 50 na gharama za kesi pauni 25.

Waliozipinga kadi hizi za mizaha yenye mafumbo ya ngono hawakukosa hoja. Kadi zilitundikwa nje ya maduka ya pwani, mahali mtoto anapita na mzazi wake, na huwezi kumwambia mzazi afumbe macho ya mwanawe mtaa mzima. Miji ya pwani kama Blackpool iliunda kamati za kuzikagua. Lakini neno lenye maana mbili lina kinga yake: asiyejua ile maana ya pili haioni. Mtoto wa miaka sita anaona mwanamke mnene na kaptura nyekundu, basi.

Hoja nzito zaidi ya kuzitetea aliitoa mwandishi Mwingereza George Orwell mwaka 1941. Aliona kwamba mzaha huu umejengwa juu ya ndoa. Fumbo la bwana harusi au la mume mkware linachekesha pale tu jamii inapoichukulia ndoa kwa uzito. Ukiiondoa heshima hiyo, hakuna cha kucheka. Nakubaliana naye. Mtu wa kiwandani aliyepata wiki moja ya kupumzika kando ya bahari alikuwa na haki ya kumtumia mwenzake kichekesho kwa senti chache, na kumburuta mchoraji mzee kortini kwa hilo lilikuwa kosa.

Ninachoshindwa kukitetea ni kadi za baa. Mlevi mwenye pua nyekundu ameng'ang'ania nguzo ya taa usiku wa manane. Nyumbani mke anamngoja mlangoni na kifimbo cha kusukumia unga. Watu walizicheka kwa miongo. Ni kweli kwamba humo mke ndiye mwenye nguvu na mume ndiye anayefanywa kinyago, na hilo huwaridhisha wengi. Mimi namtazama huyo mke. Amechorwa mkali na mwenye sura mbaya, kana kwamba ukali wake ndio unaomfukuza mume kwenda baa. Mshahara ulioishia kaunta haumo kwenye picha. Watoto wanaosikiliza ngazini hawamo. Katika nyumba ambamo ulevi ni wa kila Ijumaa, kifimbo kile hakichekeshi, na mwenye kukishika mara nyingi ndiye anayepigwa.

Haya mahakama haikuyagusa. Ilipima michoro na maneno ya mafumbo, ikauacha ulevi upite bila swali. Baada ya hukumu, baadhi ya wachapishaji wadogo walifilisika. McGill aliendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 1962, akiacha mali kidogo sana kwa mtu ambaye kadi zake ziliuzwa kwa mamilioni, maana alilipwa kwa mchoro, si kwa nakala.