Nyaya saba kwenye nguzo moja

Mwezi uliopita ruta yetu iliwasha ile taa nyekundu ya LOS, ya kuonya kwamba mawasiliano ya waya yamekatika, ambayo kila mwenye faiba Nairobi anaijua. Lori lililojaa kupita kiasi lilipita mtaani kwetu Umoja, likanasa waya uliolegea na kuukata. Tulikaa siku tatu bila intaneti. Siku ya nne fundi alifika na ngazi yake, nami nikasimama kando nikimtazama. Alimenya ganda la waya mpaka akafikia uzi wenyewe, uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Akaufuta kwa spiriti, akaukata ncha sawasawa, akaulaza ndani ya kimashine chenye skrini ndogo. Kwenye skrini zile ncha mbili zilionekana zikisogeleana, cheche ikaruka, zikawa kitu kimoja. Nyumbani taa ikageuka kijani.

Juu ya nguzo hiyohiyo nilihesabu nyaya saba. Baadhi zilikufa zamani na kuachwa zikining'inia.

Siku hizo tatu jirani wa chini hakukosa chochote. Yeye ana ruta ya 5G, ameiweka dirishani. "Baba Amani, hizi nyaya zitakusumbua mpaka lini?" aliniuliza. "Hamia hewani, upumzike."

Wengi wanafikiri kama yeye. Wanasema nyaya za nyumbani zitafuata njia ya simu za mezani, na historia yetu inawaunga mkono. Nyaya za shaba ziliibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, simu ya mkononi ikaja, na mamilioni ya Wakenya wakamiliki simu bila kuwahi kuwa na waya nyumbani. Kwa nini intaneti isiende hivyo hivyo?

Kwa sababu mzigo wenyewe ni tofauti. Mazungumzo ya simu yanahitaji kama kilobiti 12 kwa sekunde. Filamu moja ya HD inahitaji megabiti 5 hivi, yaani mara 400. Chukua nyumba yenye runinga, mtoto anayesoma mtandaoni na mzazi aliye kwenye kikao cha video, kisha zidisha kwa ghorofa sita, nyumba nane kila ghorofa. Mnara uliobeba simu za mtaa mzima bila shida utaanza kutweta kwa jengo hilo moja.

Masafa ya redio ni kama kisima cha mtaa: kila aliye chini ya mnara mmoja anachota humo humo. Jirani yangu mwenyewe anakiri kwamba asubuhi ruta yake inakimbia vizuri, lakini saa mbili usiku, watu wakisharudi kutoka kazini, mpira unakwama kabla ya goli. Faiba nayo hugawanywa. Mfumo uliozoeleka una gigabiti 2.5 kwa sekunde, na kwa kawaida hugawiwa nyumba 32 au 64. Lakini ukitaka zaidi, unabadilisha mashine za ncha mbili na uzi unabaki pale pale, nawe unapata gigabiti 10. Mnara unaweza kuongezewa vifaa, ila masafa yaliyopo hayaongezeki kwa kuchimba mtaro mwingine.

Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilituonyesha jambo hili waziwazi. Iliingia Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 ilikuwa imesimamisha kupokea wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mwaka uliofuata milango ilifunguliwa tena, lakini hesabu haijabadilika. Setilaiti iliyo kilomita 550 juu inamulika eneo pana mno, na ndani ya eneo hilo kuna mitaa kama Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hadi jua halifiki chini.

Marsabit au Turkana mjadala huu unaisha mapema. Hakuna anayeweza kuchimba mtaro wa kilomita 40 kwa ajili ya zahanati moja na shule moja, na dishi juu ya bati linatosha. Naona ni kosa kumwambia mtu wa huko asubiri faiba.

Mjini hoja nzito zaidi ya upande wa hewa haihusu spidi hata kidogo. Wengi wetu ni wapangaji. Ukihama, ruta ya 5G unaitia kwenye mfuko na kupanda nayo matatu, ilhali faiba unaanza upya. Halafu kuna mwenye nyumba. Katika ploti yetu kampuni moja tu ndiyo imeruhusiwa kuingiza waya, na ukimuuliza msimamizi anakwambia ndivyo walivyokubaliana na mwenye jengo. Kampuni hiyo ikikuacha siku tatu gizani, huna pa kukimbilia isipokuwa hewani. Mwenye nyumba hana funguo za hewa, na kwa mpangaji huo ni uhuru wa kweli. Nilipokuwa nikingoja fundi, nilikaribia sana kumfuata jirani yangu.

Hata sisi tuliobaki kwenye waya tumenufaika na hewa. Katikati ya 2024, Starlink ilipokuwa ikikaribia kuanza kukodisha madishi kwa KSh 1,950 kwa mwezi, Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na kampuni zilizo na leseni hapa nchini. Septemba mwaka huo huo ikapandisha spidi za faiba zake bila kuongeza bei: aliyekuwa akilipa KSh 2,999 kwa megabiti 10 akapata 15. Uzi ulikuwa uleule na nguzo zilezile. Uwezo ulikuwepo, ila hakukuwa na wa kuwasukuma.

Na tusisahau kwamba mnara wa 5G hula waya. Data yake hufika kwa faiba au kwa mawimbi ya redio ya microwave yanayoishia kwenye faiba, na mwisho wa safari ni nyaya za baharini zinazotua Mombasa na Dar es Salaam. Mbili kati ya nyaya hizo, EASSy na SEACOM, zilipokatika 12 Mei 2024 karibu na pwani ya Afrika Kusini, waliokuwa na bando za simu Tanzania walikwama pamoja na wenye faiba.

Kwa hiyo mimi nasimama na waya, angalau kwa mitaa iliyobanana kama yetu, na nasimama nikiwa na hasira. Mitaani kwetu kila kampuni inavuta waya wake, inapanga nguzo, inanunua upendeleo wa mwenye jengo, na lori likipita sote tunaumia. Uzi mmoja wa kioo ungetosha kila nyumba, kampuni zote zikaukodi na kushindana kwa bei na huduma, kama magari yanavyotumia barabara moja. Uzi huo ungelala ardhini ndani ya bomba, na mpangaji mpya angekuta tundu ukutani kama anavyokuta soketi ya umeme. Tusipofika huko, watu watahamia hewani hata kama saa mbili usiku hakutazamiki kitu, na siwezi kuwalaumu.

Barabara ya nyuma ya ploti yetu sasa inatandikwa kabro. Mtaro umechimbwa wazi upande wote wa kushoto, wa kina cha kiuno. Jumamosi nilimuuliza msimamizi wa kazi bomba la nyaya litapita wapi. Alikunjua karatasi yake, akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Hilo haliko kwenye mchoro, mzee," akasema. Wiki ijayo wanafukia.