Muhuri wa mizani na gorogoro isiyoulizwa

Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka, na mwenyewe alipe ada. Mwenye bucha pale Burma, soko la nyama jijini Nairobi, akikutwa bila muhuri, kosa ni lake hata kama hajampunja mtu.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko nao. Chukua mizani inayopunja gramu 50 kwa kila kilo. Mteja wa nusu kilo amepoteza gramu 25, kipande ambacho mkono hauwezi kukitambua. Lakini bucha ikiuza kilo 60 kwa siku, jioni imebaki na kilo tatu za nyama iliyokwisha kulipiwa. Wizi huu hauna mlalamishi, maana aliyeibiwa hajui. Lazima aje mtu na mawe ya mizani yaliyohakikiwa, ayaweke kwenye sinia, asome.

Wafanyabiashara nao hawalii bure. Ada, fundi, na saa za kazi zinazopotea humuumiza zaidi mwenye kibanda kuliko supamaketi. Tena muhuri wa Januari hausemi lolote kuhusu Agosti: springi hulegea, na mizani ya dijitali ikiwekwa kwenye meza iliyoinama husoma vingine. (Mizani ikimgeuzia mteja kisogo, hata muhuri haumsaidii.)

Linaloniudhi mimi ni jingine. Ingia Marikiti, soko la mazao jijini Nairobi. Maharagwe yanapimwa kwa gorogoro, mkebe unaosemwa ni wa kilo mbili, na mingine imebondwa kitako kikaingia ndani. Viazi huja kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia, ila mkulima wa Nyandarua bado anabanwa ajaze kupita hapo kwa bei ya gunia moja. Anachopoteza yeye ni kilo, si gramu. Aliyejinyima akanunua mizani ndiye anayeandamwa; mwenye mkebe anauza kwa amani.

Muhuri ubaki, lakini ukaguzi uanzie kwenye magunia. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti masoko na biashara ya haki. Basi Kaunti ya Nairobi iweke mizani ya umma langoni mwa kila soko, mnunuzi apime tena bila kulipa. Ushuru wa soko unaokusanywa kila siku unatosha kuanzia.