Kaunti ikifunga chekechea ya mtaani, mtoto anakwenda wapi?

Jumatatu asubuhi, tarehe 23 Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent huko Ngando, Dagoretti, yaliporomoka wanafunzi wakiwa ndani. Watoto wanane walikufa. Tangu siku hiyo, anayetaka chekechea za mitaa ya mabanda ya Nairobi zifungwe hana haja ya maneno mengi. Hutaja Ngando, na wenzake wote hunyamaza.

Ana haki ya kuitaja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto, na tangu 2013 kaunti zote 47 zimekuwa na jukumu hilo. Mama anayemwacha mtoto mlangoni saa kumi na mbili asubuhi hawezi kujua kama nguzo zinahimili paa, kama nyaya za umeme ni salama, wala kama anayebaki na mtoto wake amewahi kufunzwa kazi hiyo. Mtoto wa miaka minne naye hana pa kupeleka malalamiko. Lazima basi awepo mtu mwenye mamlaka ya kuingia, kutazama na kusema hapana, na kaunti isiyomtuma mtu huyo imewatupa watoto wake. Katika hili sina ubishi na wanaodai ukaguzi mkali.

Ubishi wangu unaanza mkaguzi akishaondoka na kufuli likishatiwa mlangoni.

Kwanza tuwatazame waliomo humo. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, ambao wamefuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi kwa miaka mingi, walikuta jambo ambalo hadi leo linanikera kila nikilifikiria: hata baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, sehemu kubwa ya watoto wa mitaa hiyo waliendelea kusoma katika shule za kibinafsi za bei nafuu, huku watoto wa mitaa yenye nafuu wakijaa katika shule za umma. Aliyepungukiwa ndiye aliyelipa, na mwenye uwezo akasomeshewa bure. Si kwamba wazazi wa Korogocho walipenda kulipa. Shule za umma zilikuwa chache, zimefurika, au zilihitaji mtoto mdogo avuke barabara yenye malori. Kwa chekechea tatizo ni kubwa zaidi, maana mtoto wa miaka minne hatembei mbali, na darasa linalomtoa adhuhuri halimfai mama anayerudi jioni.

Mwaka huohuo wa 2003 ulitufunza jingine. Chekechea iliachwa nje ya mpango wa elimu bila malipo, na wazazi wengi maskini wakapiga hesabu ya haraka: kwa nini nilipe nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Watoto wakarukishwa moja kwa moja hadi darasa la kwanza, hata wale ambao hawakuwa wameshika penseli maishani mwao. Familia inayoishi kwa mapato ya siku haisubiri sera ikomae. Ukibadilisha bei au ukifunga mlango leo, kesho yake imeshabadilisha mipango yake, na aghalabu anayebeba gharama ni mtoto.

Sasa tuifikirie asubuhi ya kwanza baada ya kaunti kufunga kituo. Mama anaishi kwa kibarua, pengine kufua nguo katika nyumba za wenye nacho, pengine kusubiri kuitwa kwenye lango la kiwanda. Asipotoka, jioni jiko haliwaki. Akienda na mtoto, atarudishwa langoni. Akimwachia jirani, jirani ana wake watatu na wengine wanne wa kuachiwa, na hapo kimezaliwa kituo kingine, kisicho na jina wala bango. Akimwachia dada mkubwa aliye darasa la nne, watoto wawili wamekosa masomo badala ya mmoja. Linabaki lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kumfungia ndani mpaka jioni, jiko la mafuta taa likiwa hatua mbili kutoka kitandani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia katika ripoti ya kaunti. Ripoti itaandika idadi ya vituo vilivyofungwa, na idadi hiyo itasomwa katika bunge la kaunti kama ushahidi kwamba usimamizi unafanya kazi. Mtoto aliyefungiwa ndani hana safu yake kwenye jedwali. Akiungua, atahesabiwa na zimamoto; akipata utapiamlo, atahesabiwa na zahanati; akifika darasa la kwanza hajui kitu, mwalimu atamwita mzito. Wala hakuna atakayeunganisha lolote kati ya hayo na kufuli.

Wamiliki wa vituo nao wanajifunza. Anayekuja kwao kwa kawaida si mtaalamu wa elimu ya watoto wadogo. Anakuja kanjo, yaani askari wa kaunti, anayeuliza kibali cha biashara, kisha afisa wa afya anayeuliza choo, na kila mmoja ana uwezo wa kufunga lakini hana cha kusaidia. Mwanamke mwenye watoto ishirini katika vyumba viwili vya mabati anajua hawezi kutimiza masharti yote. Basi anang'oa bango, anafunga mlango wa mbele na kuwapitisha watoto kichochoroni. Siku paa likilegea hatamwita mtu, maana wa kumwita ndiye anayemkimbia. Hivyo kaunti inayofahamika kwa kufunga tu hujipofusha yenyewe, na vile vituo hatari zaidi ndivyo huwa vya kwanza kujificha.

Upande wa pili una jibu zito, na halifai kupitwa juujuu. Wanasema: mkiruhusu viwango vya chini kwa sababu wazazi ni maskini, mnatangaza kwamba mtoto wa mabanda ya Mukuru anastahili kidogo kuliko mtoto wa Lavington kwa matajiri. Mtamzoesha mzazi kupokea chochote, na mtaipa kaunti kisingizio cha kutojenga, kwa kuwa mabati yapo. Hoja hii inaniuma kwa sababu ina ukweli. Kaunti kweli hupenda kuhesabu watoto wa vituo vya kibinafsi kama waliokwisha kuhudumiwa, kisha bajeti ya madarasa ikaenda kwingine.

Lakini ndani ya neno "viwango" tumechanganya mambo yasiyolingana. Ghorofa ya mbao iliyosimikwa na fundi asiye na mchoro inaua. Mlango mmoja kwa watoto hamsini unaua siku ya moto. Kwa hayo pasiwepo muda wa nyongeza hata siku moja, na aliyetia watoto humo ashtakiwe. Ukubwa wa kiwanja hauui mtu. Mwalimu ambaye bado anasomea cheti chake haui mtoto, naye pengine ndiye mtu pekee mtaani anayemwimbia na kumsomea hadithi. Miongozo ya kitaifa ya shule za APBET, yaani zile zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala, ilikwisha kulikubali hilo ilipolegeza sharti la ardhi na kutoa nafasi kwa walimu walio mafunzoni. Mkaguzi anayefunga kwa sababu ya kiwanja kidogo hajamtendea mtoto haki kuliko anayempa mmiliki miezi sita ya kuongeza dirisha na mlango wa pili, kisha akarudi kweli kutazama.

Zaidi ya hayo, kaunti nazo zijitazame. Kuna vituo vya umma ambavyo watoto wake bado wanasomea chini ya miti. Kuna kaunti zilizowaajiri walimu wa ECDE, yaani elimu ya watoto wadogo, kwa mikataba ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na walimu hao wamekuwa wakiandamana na kuomba wahamishiwe TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu. Sijasikia mkaguzi akitia kufuli chini ya mti. Huko husemwa tu kwamba tunajenga, tuvumilieni. Uvumilivu huo ambao kaunti hujipa yenyewe kila mwaka wa bajeti, mwanamke wa Mukuru naye anauhitaji, na pengine yeye angeutumia vizuri zaidi kwa kuwa watoto wake mwenyewe wamo katika darasa lile.

Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto tangu 2017, kwa hiyo tatizo si kukosa karatasi. Kinachokosekana ni sababu ya mmiliki kufungua mlango kwa hiari. Sababu hiyo kaunti inayo tayari. Mwaka 2023 Gavana Johnson Sakaja alianzisha Dishi na County kwa ushirikiano na shirika la Food4Education, ambapo mtoto hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mpango ulilenga shule za msingi za umma na vituo vya ECDE vya kaunti. Kwa maneno mengine, mtoto aliyekosa nafasi katika shule ya umma anakosa nafasi hiyo mara ya pili saa sita mchana, na sababu ni jengo alimo, wala si njaa yake.

Mpango huo upelekwe pia kwa vituo vya mabandani vitakavyokubali kuandikishwa, kukaguliwa majengo na kutoa orodha ya watoto. Najua kipingamizi: fedha za umma zitamtajirisha mtu binafsi. Karo ingeweza kumtajirisha, na ruzuku ya jumla pia. Sahani ya githeri iliyohesabiwa kwa kila mtoto, ikaletwa imeshapikwa na kuliwa mbele ya mtu wa kaunti, haiachi faida ya kutia mfukoni. Inamleta mtu wa kaunti mlangoni kila siku ya shule, naye atauona ufa wa ukuta mapema kuliko mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka akiwa na kufuli mkononi.